Usinunue pedali kabla ya spika: Mwongozo kwa mpiga besi na mzazi wake

Na MWANDISHI WETU

IWAPO una kijana nyumbani aliyejiunga na bendi ya shule, kwaya ya kanisa au kikundi cha wenzake mtaani, huenda tayari umesikia ombi hili: "Baba, nataka vyombo vya besi." Gitaa lenyewe si tatizo kubwa. Kizaazaa huanza pale kijana anapotoa karatasi yenye orodha ndefu: amplifaya, sanduku la spika, pedali nne, nyaya na vikorokoro vingine ambavyo mzazi hajawahi kuvisikia. Ukijumlisha bei, unakuta inakimbizana na karo ya muhula mzima.

Nawe mwanafunzi ambaye umekuwa ukijinyima chakula cha mchana ili uweke akiba, soma kwa makini zaidi, maana pesa zitakazopotea ni zako. Vijana wengi huanzia mwisho wa orodha. Huvutiwa na pedali zenye taa nyekundu na buluu, wakanunua mbili au tatu, kisha wakaziunganisha na wufa ya sebuleni. Haipiti wiki mbili kabla spika kuanza kukwaruza kama bati linaloburutwa, na mama mwenye nyumba kutaka kujua ni nani aliyeharibu kitu alichonunua kwa jasho lake.

Kwa nini spika hiyo iharibike ilhali ilikuwa ikicheza muziki wenye besi kila Jumapili?

Jibu liko katika jinsi sauti ya besi inavyotengenezwa. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne, unapopigwa ukiwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Ili utoe sauti nzito kwa nguvu sawa na ile nyembamba, huna budi kusukuma hewa nyingi zaidi, na kwa hivyo karatasi ya spika hulazimika kwenda mbele na kurudi nyuma kwa mwendo mrefu. Muziki wa kwenye redio umekwisha kubanwa na mafundi wa studio ili usipite kiasi. Gitaa la besi mkononi mwa kijana halijabanwa na mtu. Akiukung'uta uzi kwa dole gumba, ule mshtuko wa kwanza huirusha karatasi ya spika mpaka ikavuka mipaka yake.

Ndiyo maana Leo Fender wa Marekani, aliyetoa gitaa la besi la Precision mwaka wa 1951, hakukaa muda mrefu kabla ya kuunda amplifaya ya kulisindikiza. Ilitoka mwaka wa 1952 na kuitwa Bassman. Kwa kinyume cha mambo, baadaye wapiga gitaa la solo ndio walioipenda zaidi, na Jim Marshall wa London alipounda amplifaya zake za kwanza miaka ya mapema ya 1960 aliiga ramani hiyo hiyo. Wapiga besi wakarudi kutafuta nguvu zaidi. Kufikia mwaka wa 1969 kampuni ya Ampeg ilikuwa imetoa SVT, dubwana la wati 300 lenye uzito wa karibu kilo 40, likiwa na sanduku la spika nane ambalo peke yake lina zaidi ya kilo 60. Hebu fikiria kulipandisha hilo kwenye matatu ya Kayole saa kumi na mbili jioni.

Bahati nzuri ni kwamba teknolojia imebadilika. Leo kuna amplifaya za wati 500 ambazo hazizidi kilo tatu au nne na unaweza kuzitia ndani ya begi la shule. Spika nazo zimepunguzwa uzito kwa kutumia sumaku za neodimiamu. Lakini kanuni ya hewa haijabadilika hata kidogo, na hakuna kidude cha mguuni kitakachoibadilisha.

Sanduku kwanza

Ukiniuliza jinsi ya kugawanya pesa zako, nitakwambia hivi: baada ya gitaa, katika kila shilingi kumi ulizo nazo, nne ziende kwa sanduku la spika, nne kwa amplifaya, moja kwa nyaya nzuri na vifaa vya umeme, na hiyo moja iliyobaki ndiyo ukatafutie pedali. Wenye duka wengi watataka ufanye kinyume, kwa kuwa pedali ni ndogo, zinang'aa na zinauzika haraka.

Sababu ya kuliweka sanduku mbele ni hesabu. Kila sanduku lililotengenezwa vyema huandikwa kiwango chake cha usikivu kwa desibeli, yaani sauti linayotoa likipewa wati moja tu na kupimwa kutoka umbali wa mita moja. Tofauti ya desibeli tatu ni sawa na kuongeza nguvu za amplifaya maradufu. Kwa hivyo sanduku la desibeli 100 likilishwa wati 150 litatoa sauti sawa na sanduku la desibeli 97 linalolishwa wati 300. Anayenunua sanduku hafifu kisha akatafuta amplifaya kubwa ya kulifidia ni kama mtu anayechota maji kwa pakacha na kulaumu kisima.

Masanduku hutajwa kwa idadi na upana wa spika zake kwa inchi. Kuna la spika moja ya inchi 15, la spika moja ya inchi 12, la mbili za inchi 10 na la nne za inchi 10. Utaambiwa kwamba inchi 15 daima huwa na besi nzito kuliko inchi 10. Si kweli. Uzito wa sauti hutegemea pia ukubwa wa sanduku, kama limezibwa au lina tundu la kupumulia, na jinsi spika yenyewe ilivyoundwa. Kwa kijana anayeanza, na ambaye atalibeba mwenyewe kutoka nyumbani hadi kanisani, mimi ningechagua la mbili za inchi 10 au moja ya inchi 12. Likiwa na twita ndogo ya sauti nyembamba yenye kitufe cha kuizima, heri zaidi.

Kwa wale wa bajeti ya chini, usione haya kununua amplifaya na spika zikiwa ndani ya sanduku moja. Hasara yake ni kwamba kimoja kikiharibika vyote huenda kwa fundi. Faida yake ni kwamba mtengenezaji amekwisha kuvioanisha, na wewe huna haja ya kuumiza kichwa kuhusu hayo nitakayoyaeleza sasa.

Wati na omu

Tembea katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi na utaona maboksi ya vyombo vya muziki yaliyoandikwa wati 5,000, hata 10,000, juu ya kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu anaweza kukibeba. Tazama herufi zilizoandikwa kando ya tarakimu hiyo. Zikiwa PMPO, puuza. Hicho ni kipimo cha biashara kisichokuwa na kanuni yoyote. Tafuta herufi RMS, ambazo huonyesha nguvu ambazo chombo kinaweza kutoa mfululizo bila kuchoka. Usipoziona, geuza chombo na usome kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme kinaoutumia: chombo kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 kwenye spika, labda kwa miujiza.

Kwa mazoezi chumbani, wati 15 hadi 30 zatosha kabisa. Ukiwa na mpiga ngoma asiyejua kupiga polepole, utahitaji 200 au 300 ili usikike bila kuilazimisha amplifaya. Wapiga gitaa la solo huponea kwa wati 30 na wakakucheka. Usishindane nao, kwa kuwa sauti zao ni nyembamba na sikio la binadamu huzisikia upesi kuliko besi.

Sasa tuje kwenye omu, mahali ambapo amplifaya nyingi huungulia. Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Masanduku mengi ya besi huwa ya omu 8 au 4. Ukiunganisha mawili ya omu 8 kwa njia ya kawaida, amplifaya huona omu 4. Ukiunganisha mawili ya omu 4, huona omu 2. Nyuma ya amplifaya huandikwa kiwango cha chini inachokubali, na mara nyingi ni omu 4. Ukishuka chini ya hapo, umeme mwingi hupita kuliko inavyoweza kuhimili, inapata joto, inajizima, na kama haina kinga, inaungua. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara hununua sanduku la kwanza la omu 8, ili siku Mungu akimjalia aongeze la pili kando yake bila wasiwasi.

Fahamu pia kwamba amplifaya inayotangazwa kuwa ya wati 500 kwa kawaida hupimwa kwa omu 4. Ukiwa na sanduku moja la omu 8 utapata kama wati 300 hivi. Hujadanganywa. Na ikiwa umebahatika kupata amplifaya ya zamani ya vali, usiiwashe kamwe ukapiga gitaa kabla ya kuiunganisha na spika, la sivyo transfoma yake ya kutoa sauti inaweza kuungua, na bei ya transfoma hiyo itakutoa machozi.

Tena usitumie waya wa gitaa kuunganisha amplifaya na spika. Kwa macho hufanana, plagi ni zile zile, lakini wa gitaa ni mwembamba ndani na haukuundwa kubeba nguvu za amplifaya.

Stima ya kwetu na ya Marekani

Siku hizi si ajabu kumpata kijana ambaye shangazi yake aliye Atlanta au Dallas amemtumia amplifaya kama zawadi. Furaha hiyo imekatika ghafla katika nyumba nyingi. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni volti 240. Kabla ya kuingiza plagi ukutani, soma nyuma. Ikiwa imeandikwa 100–240V, hiyo hujirekebisha yenyewe. Ikiwa kuna swichi ndogo yenye tarakimu mbili, isogeze kwenye 230 au 240. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, utahitaji transfoma ya kupunguza umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizotajwa kwenye kibandiko, na gharama yake uiweke katika hesabu kabla ya kumwambia shangazi asante.

Aidha, katika mitaa ambayo stima hupotea na kurudi kwa kishindo, nunua kidhibiti cha umeme. Ikipotea, chomoa plagi na usubiri dakika chache baada ya kurudi.

Kuna jambo moja ambalo sitalipitia juu juu. Baadhi ya watu, wakisikia mngurumo kwenye spika, hukata waya wa ardhi au kuuacha bila kuunganishwa ndani ya plagi. Mngurumo hupungua kweli. Lakini mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma kwa mikono yote miwili, na midomo yake iko karibu na maikrofoni ya chuma iliyounganishwa na chombo kingine. Hitilafu ikitokea, mwili wake ndio unaokuwa waya. Mwaka wa 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alifariki jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na ardhi ipasavyo. Mzazi, kabla ya kumruhusu mwanao kupiga katika ukumbi wowote, mwite fundi wa umeme akague soketi. Ni kazi ya nusu saa.

Pedali, hatimaye

Sitaki ufikiri kwamba nazichukia pedali. Bootsy Collins asingekuwa Bootsy tunayemjua kutoka miaka ya 1970 bila pedali ya Mu-Tron inayoifanya besi itamke kama kinywa kinachofunguka na kufumba. Lakini jiulize unapiga muziki gani. Ikiwa ni benga, rumba au nyimbo za kusifu, sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji chochote kati ya gitaa na amplifaya.

Mfano wa karibu ni Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa hapa Nairobi mwaka wa 1978. Taja Sina Makosa mbele ya Wakenya kumi na wengi wao wataanza kuiimba ile besi ya Tom Malanga kwa midomo kabla ya kuyakumbuka maneno. Mfano wa mbali ni James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown. Alitumia Precision ya mwaka wa 1962, nyuzi nzee asizopenda kuzibadilisha, kipande cha sponji chini ya nyuzi na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Katika studio, gitaa lake liliingia moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodi.

Kwa hivyo pedali ya kwanza iwe ya kupatanishia nyuzi. Haibadilishi sauti, haikufanyi uonekane bingwa, lakini besi iliyotoka nje ya sauti huivuruga bendi nzima, na waimbaji hawatajua kwa nini wanaimba vibaya.

Ya pili, hasa kwa mpiga besi wa kanisani, ni kisanduku cha DI. Hiki hugawanya sauti ya gitaa: sehemu moja ikaenda kwenye amplifaya yako, nyingine kwenye mitambo mikubwa ya ukumbi kupitia waya wa maikrofoni, bila mngurumo. Ukiwa nacho, sanduku lako dogo halina haja ya kujaza ukumbi wa watu 500. Kazi yake inakuwa ni kukusaidia wewe na mpiga ngoma kusikia. Amplifaya nyingi za kisasa zina tundu la DI nyuma, kwa hivyo angalia kwanza kabla ya kulipia kitu ulicho nacho.

Baada ya hapo, kompresa husawazisha sauti za juu na za chini, na ni nzuri kwa mwenye vidole ambavyo bado havijatulia, ingawa mwalimu wako atapendelea utulize vidole. Ukitaka pedali ya kukwaruza sauti, tafuta iliyoundwa kwa besi na yenye kitufe cha kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa. Nyingi za gitaa la solo hunyofoa uzito wote wa chini, ukabaki na kelele ya nyuki. Pedali za korasi na za oktavu zinaweza kungoja mpaka uwe na wimbo unaozidai.

Pedali nyingi hutumia volti 9 na plagi ambayo hasi iko katikati, lakini si zote. Ukitumia adapta isiyofaa unaweza kuiua pedali siku ya kwanza.

Majirani

Tukirudi kwenye nyumba zetu za ghorofa, wimbi la ule uzi mnene wa mara 41 lina urefu wa zaidi ya mita nane, pengine kushinda sebule yako. Kuta za mawe hazilizuii kama zinavyozuia maneno. Usiweke sanduku kwenye pembe ya chumba kwa kuwa pembe huongeza mngurumo. Liinue juu ya kiti lielekee masikio yako badala ya magoti. Utajisikia vyema kwa sauti ndogo zaidi. Baada ya saa tatu usiku, tumia hedifoni. Hakikisha amplifaya ya mazoezi ina tundu lake kabla ya kuinunua, maana hilo ndilo litakaloamua kama mtaendelea kuishi kwa amani na jirani wa chini.

Vya mitumba

Vyombo vilivyotumika si vibaya, na mara nyingi ndivyo mwanafunzi anavyoweza kumudu. Nenda na gitaa lako mwenyewe na waya wako. La dukani huweza kuwa zuri kiasi cha kuficha ubovu wa amplifaya. Zungusha vitufe vyote ukisikiliza mikwaruzo. Kidogo ni vumbi na husafishwa, lakini sauti ikikatika kabisa, uliza bei ya fundi. Bonyeza karatasi ya spika taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia kitu kikisaga ndani, koili imegusa sumaku na spika hiyo imekwisha. Kama una mita ya fundi wa umeme, pima kwenye tundu la sanduku: la omu 8 husoma kama 6 hivi, la omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3. Mita isiposoma kitu, kuna spika iliyokatika au waya ulioachia.

Halafu piga uzi mnene ukiwa wazi, kwa nguvu utakazotumia ukumbini, kwa muda wa dakika kumi, hata mwenye duka akianza kutazama saa yake. Weka mkono juu ya amplifaya usikilize joto. Ukiridhika, dai risiti iliyoandikwa jina la chombo, nambari yake na siku ambazo unaruhusiwa kukirudisha, ndipo utoe pesa.